Mkimbiaji wa Hayes na Mtu Aliyemfungulia Njia

Kwa misimu kumi na miwili Nickson Mlay alikimbia na mpira bila kushika kombe. Alivunjika vidole vitatu, ubavu mmoja na jino la mbele. Hayo hakuyalalamikia. Alitaka kombe mara moja tu, kabla goti lake la kushoto halijasema basi.

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Wazee wetu wa kandanda walikuwa na hafubeki wao, mtu wa katikati. Huku nako wana halfback, lakini kazi ni nyingine kabisa. Unapewa mpira mkononi, mpira uliochongoka pande zote mbili kama papai dogo. Unakimbia mbele. Watu kumi na mmoja wanataka kukulaza chini. Ukivuka mstari wa mwisho ukiwa nao, pointi sita. Ukiuangusha wakauokota, huna pa kuweka uso. Hiyo ndiyo habari yote.

Kule Marekani wakimbiaji hao wanajulikana mpaka na watoto wachanga. London ni watu wa kazi zao. Jumapili wanapigana mabega, Jumatatu wanachechemea kwenda kazini.

Nickson alizaliwa Mwika, mlimani. Watu wa Mwika hawajui ardhi tambarare. Ukienda dukani unashuka, ukirudi unapanda, na migomba ya ng'ombe iko begani. Miguu yake ilitengenezwa na mteremko huo. Mtu mfupi, mnene wa mapaja, ukimsukuma unarudi wewe. Alikuja London akiwa na miaka ishirini na miwili, akafikia kwa shangazi yake, akapata kazi Hayes kwenye warehouse ya mizigo ya ndege. Akamwoa Gladness, binti wa Marangu, nesi. Wakamzaa Aikaeli, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Namna alivyoingia kwenye mchezo ni ya kuchekesha. Jumapili moja alikuwa anatoka kanisani, amevaa suti. Akapita kwenye bustani ya wazi pale Hayes, akaona watu watano wamemlalia mtu mmoja. Hakujua ni mchezo. Alidhani mtu anauawa. Akaweka Biblia chini kwenye majani, akaenda akawatoa mmoja mmoja, akiwafokea kwa Kiswahili, wa nne akamtupa. Chini ya rundo akatoka mtu mkubwa kama kabati.

"Weye ni nani?" lile kabati likauliza.

"Wanakupiga," Nickson akasema.

"Tunacheza."

Aliyekuwa anawafundisha alikuwa Douglas, Mkenya wa Nakuru aliyesoma Marekani kwa sababu ya mchezo huo huo. Aliitazama suti, akaitazama miguu ndani ya suti, akamwambia Nickson aje Jumanne, na aache hiyo tai nyumbani.

Lile kabati lilikuwa Gires. Mtu wa Lubumbashi, dereva wa gari la kuhamisha vyombo vya watu, anaishi Thornton Heath, ng'ambo ya pili ya jiji. Tangu siku hiyo wakawa wawili. Gires namba sitini na sita, Nickson namba ishirini na mbili. Kazi ya Gires ilikuwa moja, kumsukuma mtu wa mbele atoke, ili Nickson apite. Mpira haushiki kamwe. Hakuna anayempiga picha. Watu wakimshangilia Nickson, Gires anakuwa amelala chini juu ya mtu, hata haoni kilichotokea. Anaambiwa baadaye.

Miaka kumi na mmoja wakaenda hivyo. Nickson akawa mkimbiaji wa kwanza wa timu yao, Buffaloes, kisha wa ligi yao nzima. Jina lake likaanza kutajwa hata na watu wa viwanja vingine. Mara mbili walifika nusu fainali, mara mbili wakarudi bila kitu. Mwaka wa kumi na mbili wakafika fainali.

Zimebaki dakika mbili. Buffaloes wako mbele kwa pointi mbili. Nickson akapewa mpira. Gires akamlaza mtu wake chini, mwanya ukafunguka, Nickson akatoka. Mbele yake hakuna mtu. Alikuwa na kazi moja tu, kuendelea kukimbia. Lakini pembeni alimwona Gladness ameinua simu anarekodi. Moyo ukamjaa. Akapunguza mwendo, akanyanyua mpira juu kwa mkono mmoja, kama mtu anayeonyesha jogoo aliyemnunua mnadani. Yule aliyelazwa na Gires alikuwa ameshainuka. Alimfuata kwa nyuma akampiga mkono. Mpira ukaanguka. Wapinzani wakauokota, wakaenda, wakafunga, wakatwaa kombe.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo watu walivua mabega yao ya plastiki. Halafu mmoja akauliza imekuwaje. Nickson alikuwa ameinamia viatu vyake. Akasema, "Aliyenipiga alikuwa mtu wa Gires."

Neno lenyewe lilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake. Uongo mtupu ungekamatwa pale pale. Huu ulikuwa na nguo za ukweli, ukapita.

Wote wakamgeukia Gires. Gires akamtazama Nickson, akavua viatu, akaviacha pale chini ya benchi, akaondoka na soksi. Hakurudi tena mazoezini.

Nickson alimwambia Gladness aifute ile video. Alisema hataki kuiona.

Desemba wakaenda nyumbani Mwika, kama watu wao wote wanavyokwenda Krismasi. Wajomba wakamuuliza habari za fainali. Akawasimulia, na jina la Gires akalitaja tena, kwa watu ambao hata hawamjui. Alipomaliza akatoka nje. Mpakani mwa shamba kulikuwa na masale yamepandwa mstari, marefu, ya kijani.

Asiyejua na aelezwe. Kwa Wachaga, ukimkosea mtu, unapeleka jani la sale lililofungwa fundo. Hata kama umemchomea nyumba. Akishaletewa sale, hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, kosa linamrudia yeye. Ni mambo ya tangu na tangu, na mchungaji naye anajua, na hasemi kitu.

Nickson aliyaangalia yale majani. Akaona uvivu kuchuma. Akarudi ndani kula.

Aprili msimu ukaanza. Wa kumi na tatu, na alijua ndio wa mwisho. Goti lilikuwa linavimba akipanda ngazi za warehouse. Mechi ya kwanza alipewa mpira mara kumi na nne, akalazwa mara kumi na nne. Mwanya hakuna. Aliyewekwa mahali pa Gires alikuwa mtu mzuri, mwenye adabu, na watu walipita kwake kama wanapita mlango wa benki. Mechi ya pili vivyo hivyo. Aikaeli alimwambia kwa Kiingereza chake kwamba siku hizi anaonekana kama zulia.

Douglas alimwita pembeni.

"Skiza, Mlay. Wewe hukuwa unakimbia. Ulikuwa unapitishwa. Nenda umlete mwenye alikuwa anakupitisha, ama tufunge hii duka."

"Hapokei simu yangu."

"Si yako tu. Hata yangu hashiki. Lakini mimi sikumtaja mbele ya watu."

Kumbe Douglas alikuwa anashuku siku zote. Nickson akaenda kazini siku ya pili na shingo imejikunja.

Pale mapokezi ya warehouse kuna chungu kikubwa cha maua. Miaka yote Nickson alikipita bila kukiangalia. Asubuhi ile akakiona. Lilikuwa sale. Wazungu wanaliweka ofisini kama pambo, hawajui wameweka nini. Akatoa kisu cha kufungulia maboksi, akakata jani moja.

"Unakata ua langu?"

Alikuwa Bhavini wa mapokezi, mama wa makamo anayeishi Stanmore. Nickson akaanza kujieleza kwa Kiingereza. Bhavini akamkatisha kwa Kiswahili cha Moshi mjini, cha bibi yake mwenye duka la vitambaa pale stendi ya zamani. Hakuwahi kukisema hata siku moja pale kazini.

"Hilo sale. Bibi yangu alishapelekewa moja, na fundi aliyeharibu sare za shule nzima. Nani umemkosea?"

"Rafiki."

"Basi chukua lingine. Hilo limekauka ncha, utaonekana huna heshima."

Jumapili Nickson akasafiri. Basi, treni, treni nyingine, basi. Thornton Heath akashuka, akapita maduka ya mihogo na ya nywele, jani liko ndani ya koti, limefungwa fundo. Akabonyeza kengele. Gires akafungua mwenyewe, kaptura, kijiko mkononi. Nickson akamnyooshea jani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Gires akaliangalia upande huu, akaliangalia upande ule.

"Iko nini hii?"

"Ni sale."

"Unaniletea majani. Mi siko mbuzi."

"Kwetu mtu akiletewa hili hawezi kukataa."

"Kwenu," Gires akasema. "Hapa ni Thornton Heath."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, kama mtu anayefunika sufuria.

Nickson alirudi Hayes na jani lake. Njiani alimlaumu Gires kwa kutojua mila. Alilaumu Wakongo wote. Alipofika Uxbridge Road, karibu na kwake, hakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kulaumu.

Gladness alikuwa anapiga pasi sare zake. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimpa sale."

"Sijauliza ulimpa nini. Ulimwambia nini?"

Nickson akaenda kunywa maji. Akarudi.

"Baba Aika," Gladness akasema, "sale linapelekwa na mtu mwenye mdomo. Babu akienda nalo anakaa, anasema, nimekosa hivi na hivi. Wewe umetuma jani peke yake likakuombee. Kwa Mchaga lingepita, kwa sababu angekuogopea laana. Huyu hana laana ya kuogopa. Anataka kusikia."

"Nitarudi nimwambie."

"Ulimsema kwake?"

"Hapana."

"Ulimsema wapi?"

"Mbele ya timu."

Gladness akageuza shati.

Baada ya muda Nickson akauliza kama ile video kweli aliifuta.

"Nifute?" Gladness akasema. "Siku uliyokimbia vile? Yadi arobaini. Ninaiangalia nikiwa zamu, nikichoka. Ninasimamisha kabla hujaangusha."

Mwanamume aliye na mtu wa kumuuliza maswali mafupi jioni amepewa kitu kikubwa. Wengine hulijua hilo nyumba ikishanyamaza.

Jumanne Nickson akafika mazoezini mapema. Akamwomba Douglas awaingize watu wote ndani, kwenye ukumbi wenye televisheni. Wakaingia na matope yao, thelathini na wawili. Akaunganisha simu. Akawaonyesha video, yote, mpaka mpira ulipoanguka. Akairudisha. Akaisimamisha pale Gires amemlaza mtu chini, mgongo wa yule mtu uko kwenye nyasi kabisa. Akaiendesha tena, akaisimamisha pale alipopunguza mwendo na kunyanyua mkono.

Aliwaambia kwa Kiingereza chake cha warehouse, bila mapambo. Kisha akarudia kwa Kiswahili, maana alikuwa anarekodi sauti ili aitume kwenye kundi la timu, na Gires alikuwa bado yumo kwenye kundi, amenyamaza tu.

"Gires hakuachia mtu. Alifanya kazi yake akamaliza. Mimi nilisimama njiani nikijionyesha, mpira ukanitoka. Halafu nikamtupia yeye. Nilijua siku ile ile. Nimekosa, Gires. Nakuomba radhi mbele ya hawa niliokusemea."

Akaituma sauti hiyo pamoja na video kabla hajabadili mawazo.

Hakuna aliyepiga makofi. Afnan, Mzanzibari anayegawa mpira, akasimama.

"Miezi saba, kaka," akasema. "Miezi saba tunamla nyama mwenzetu."

Douglas alimpa adhabu hapo hapo. Mechi tatu hachezi. Atabeba maji.

Basi akabeba maji. Mkimbiaji wa kwanza wa ligi, miaka thelathini na sita, jezi namba ishirini na mbili, anakimbia na chupa kuwapelekea watoto wa juzi. Watu wa timu nyingine walimcheka wazi. Mmoja alimuuliza kama na chai ipo. Nickson alisema ipo kesho. Mechi mbili zikapita. Kwenye simu aliona Gires ameusikia ujumbe. Jibu hakuna. Kila akiamka aliangalia, na kila akiangalia hakuna.

Mechi ya tatu ya adhabu, watu wanapasha misuli, gari la kuhamisha vyombo likaingia uwanjani. Gires akashuka. Viatu vipya, vyeupe. Hakumsalimia mtu. Akaenda mahali pake kwenye mstari, yule mwenye adabu akampisha kwa furaha. Wakacheza nusu ya kwanza. Mapumziko Gires akakaa chini, akanyoosha mkono bila kutazama.

"Maji."

Nickson akampa.

"Iko moto."

"Nitaleta baridi."

"Leta. Na usimwage. Tunakujua kwa kuangusha."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Nickson mwenyewe. Kisha benchi zima. Alikwenda kutafuta barafu mpaka kwenye duka la nje ya uwanja, akakimbia kwenda na kurudi, na goti hakulisikia.

Tangu hapo hawakushindwa tena. Mechi sita, sita zote. Nickson alikuwa anafunga kila Jumapili, mara mbili, mara tatu, na magazeti ya mtaani yakaandika kwamba mzee amepata miguu mipya. Miguu ilikuwa ile ile, na mmoja ulikuwa unafungwa bandeji tangu pajani. Septemba wakarudi fainali, na watu ni wale wale waliowafunga mwaka uliopita.

Siku hiyo Bhavini alikuja na mama yake, Daksha, na ndoo ya kachori. Mama Daksha alitazama dakika kumi, akauliza polisi wanakuja saa ngapi. Gladness alikaa mstari wa mbele. Hakutoa simu. Alikuwa amekamatana mikono na Aikaeli.

Mchezo ulikuwa mgumu. Buffaloes walikuwa nyuma kwa pointi tano, zimebaki sekunde thelathini na nne. Wako yadi nane kutoka mstari, na jaribio limebaki moja. Wakishindwa hapo, kombe limekwenda, na Nickson hatakuwa na mwaka mwingine. Goti lilikuwa limevimba kama embe. Kila mtu uwanjani alijua mpira atapewa nani. Wapinzani walikuwa wanamnyooshea kidole kabisa. Mbele ya Gires wakamweka mtu wao mkubwa kuliko wote, na nyuma yake wa pili.

Walipokusanyika kupanga, Douglas akapiga kelele kutoka pembeni kwamba wapite kwa Gires. Nickson akasema kimoyomoyo kwamba hata angekatazwa angepita huko huko. Gires akamshika kofia, akamvuta karibu.

"Usitafute mwanya," akasema. "Hakuna mwanya. Tafuta mgongo yangu."

Afnan akampa mpira. Nickson akaufunga kwa mikono miwili kifuani kama anambeba mtoto kwenye mvua. Akaangalia sitini na sita, akaenda nayo. Kweli mwanya haukuwepo. Palikuwa na mgongo tu, na mgongo ulikuwa unakwenda. Gires alimpata yule mkubwa chini ya mbavu, akamwinua visigino, akampeleka. Yadi moja. Yule mkubwa akamgonga wa nyuma yake, wakawa wawili, Gires akawapeleka wote wawili. Yadi tatu. Paji la Nickson lilikuwa limegusa jezi ya Gires. Watu wakamrukia Nickson kwa nyuma, wakamning'inia, mmoja kiunoni, mmoja kwenye ule mguu mbovu. Goti likalia. Akalikanyagia. Mwika yote ilikuwa kwenye miguu ile, kila mgomba aliowahi kupandisha. Yadi tano. Sita. Kisha rundo zima likaporomoka mbele kwa pamoja, kama ukuta wa udongo.

Giza. Uzito. Hakuna aliyejua wameangukia wapi.

Chini ya watu wote sauti ya Gires ikasikika, imebanwa.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Mikono ngapi?"

"Miwili."

"Sawa."

Refa alikuwa anavuta watu mmoja mmoja. Alipofika chini akakuta mpira kifuani mwa Nickson, na mstari uko chini ya tumbo lake. Akanyoosha mikono yote miwili juu. Pointi sita. Sekunde zilizobaki hazikuwatosha wale hata kuvaa kofia vizuri.

Watu walivamia uwanja. Walimwinua Nickson. Aliwaambia wamshushe, akawaonyesha nani wa kuinuliwa. Walijaribu, saba wao, hawakuweza. Gires akabaki ameketi kwenye nyasi, anacheka mpaka machozi, viatu vyake vyeupe havina tena rangi. Basi wakamletea kombe pale pale alipokaa. Akalitazama kama anakadiria litaingiaje kwenye gari. Douglas alikuwa analia, akimwambia kila mtu kwamba ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Aikaeli akamrukia baba yake shingoni. Akasema kwa Kiswahili, "Baba, umeweza." Gladness aliyasikia hayo, akageuka pembeni kidogo.

Oktoba goti lilisema basi, na Nickson hakubishana nalo. Misimu kumi na mitatu, kombe moja. Inamtosha mtu.

Gires bado anacheza. Jumapili Nickson hupanda basi, hukaa pembeni mwa uwanja na chupa ya chai, na hushangilia mtu mmoja. Mpira unaweza kuwa huko mbali kabisa, watu wote wamesimama wanamtazama anayekimbia, yeye anamwita sitini na sita kwa jina, aliye chini, juu ya mtu. Wageni huuliza huyu mzee anaangalia nini. Gires amemwambia mara nyingi anyamaze, anamtia aibu.

Hajanyamaza.